Kuhamia Arusha kutoka Moshi: Njiro, Ngaramtoni au wapi?

Mama Kiboriloni:
Habari za jioni wakuu. Tunahamia Arusha mwezi wa nne. Mume wangu ataripoti Tengeru, mimi kazi yangu ipo mjini, karibu na Mnara wa Saa. Watoto wawili, miaka 3 na 7. Tunataka vyumba viwili na sebule, choo ndani, laki tatu kwa mwezi. Dalali mmoja ananivuta Njiro, mwingine Ngaramtoni. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Mkazi wa Sakina:
Karibu dada. Ngaramtoni ipo barabara ya Namanga, Tengeru ipo barabara ya Moshi. Mzee atavuka mji mzima asubuhi na jioni, achana nayo. Njiro ni pazuri, wengi ni watu wa maofisini na wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu, ila kila siku ataanza kwa kuingia mjini kwanza. Tafuteni Kwa Mrefu au Ngulelo, kando ya ile barabara ya njia nne ya Sakina–Tengeru. Yeye anashuka, wewe unapanda, daladala zipo.

Usishangae dalali kukukimbiza. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 jijini, ya 2022 ikahesabu 617,631. Hata hivyo usilipe miezi sita kabla mwenyekiti wa mtaa hajakuthibitishia mwenye nyumba ni nani. Mwezi mmoja wa dalali utoke mkataba ukishasainiwa. Na kwa kuwa mnakuja masika, kaikague nyumba siku mvua imenyesha: utaona maji yanaelekea wapi na kama gari linafika getini.

Fundi Bomba:
Kwa watoto wa umri huo mimi ningeanza na maji. Pande nyingi za Meru, Ngaramtoni na Maji ya Chai zikiwemo, maji yana floridi nyingi. Kiwango salama ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi mpaka kama miaka minane, na yakipata floridi nyingi yanaota na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floridi inabaki. Uliza kama ni bomba la mamlaka au kisima cha mwenye nyumba. Kikiwa kisima, omba karatasi ya vipimo. Hana? Ya kunywa na kupikia mnunue.

Mama Kiboriloni:
Asanteni sana. Nimepata moja Ngulelo, wapangaji watatu, LUKU moja. Ni tatizo?

Umeme Arusha:
Ni tatizo kubwa dada. Daraja la matumizi madogo, uniti ni kama sh 122 pamoja na kodi, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi unahamia 356. Kila nyumba ikitumia uniti 40 kwa mita yake, inalipa 4,880. Mkichangia mita ni uniti 120, yaani 42,720, sawa na 14,240 kila mmoja. Submita itamaliza ugomvi wa nani katumia nini, ila bei itabaki ileile. Mwambie mwenye nyumba aombe mita yenu kabla hamjalipa, maana akishashika kodi ya miezi sita hana haraka tena. Na ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi ni deni lake yeye. Iandikwe kwenye mkataba kwamba mtaitoa kwenye kodi ya pango.