Tupeane uzoefu: Gemu za kujenga mji dunia ikiwa imeshaharibika, uamuzi gani ulikukosesha usingizi?

Mwanzisha uzi: Wakuu, habari za wikiendi. Leo tuweke mpira kando. Mbinu za ushindi sizitaki, YouTube zimejaa. Nataka visa: gemu ilikubana wapi, ukaamua nini?

Naanza na Frostpunk ile ya kwanza, ya 2018, ya Wapoland wa 11 bit studios. Kwa msioijua: ni mwaka 1886, baridi imemaliza dunia, una watu 80 wamezunguka jenereta moja inayokula makaa ya mawe. Una kitabu cha sheria, na ukishasaini ndiyo imetoka hiyo. Siku za mwanzo mikono haitoshi, na watoto wamekaa tu. Nikasaini wafanye kazi, zile zinazoitwa salama. Watu wakanung'unika kidogo, wakanyamaza. Makaa yakaongezeka. Hapo ndipo nilipokereka, maana nilisubiri adhabu na adhabu haikuja.

Kete Nyeupe: Mi nasaini hiyo bila kupepesa. Bora mtoto achoke kuliko agande.

Mwanzisha uzi: Na ile inayofuata, ya kazi zote mpaka mgodini?

Kete Nyeupe: 😂 Tuendelee na uzi.

Dada wa Supu: Jina langu limetoka humo humo. Chakula kikipungua unachagua: watu wanywe supu, au uwachanganyie vumbi la mbao waugue wakiwa wameshiba. Nikachukua supu. Mume wangu akipita nyuma yangu anauliza, "Leo wakwe zangu wanakula nini?" Kasheshe ni tufani la mwisho. Nyuzi joto zinashuka mpaka hasi 150, wawindaji hawatoki, mabanda ya kilimo yanaganda, mnaishi kwa kilichopo ghalani. Nilikuwa nakodolea ile namba ya chakula ikishuka, na wagonjwa wanajaa. Kuna wakati nilitamani wachache wafe ili waliobaki wale. Niliposhtukia nimewaza hivyo nikaweka pozi, gemu ikasimama, nikaenda kuosha vyombo.

Bwana Mvuke: Dada umeniua na pozi 😂. Mimi ni ile hadithi ya wakimbizi, humo humo Frostpunk. Nyie ni makabwela mmewahi jenereta iliyotengwa kwa mabwana wakubwa. Mnajenga, mnazika, mnapata joto. Halafu mabwana wenyewe wanatokea kwenye theluji, wanatetemeka, wanaomba hifadhi. Watu wangu wanasema wafukuzwe. Niliwafungulia, lakini si kwa huruma. Nilihitaji wafanyakazi.

Kete Nyeupe: Mi niliwafungia. Walipokuwa nazo walimkumbuka nani?

Bwana Mvuke: Mkuu, wamo watoto.

Kete Nyeupe: Hapo umenishika pabaya.

Mgao wa Alhamisi: Nyie wa barafu mna raha, jenereta yenu haikatiki. Mimi ni wa Timberborn. Humo binadamu tulishatoweka, wamebaki biva, wale panya wakubwa wa mtoni wanaojenga mabwawa kwa magogo. Ukame ukija mto unakauka kabisa, mnaishi kwa mlichozuia. Sisi kwetu maji ni kwa ratiba, nikajua hapa nipo nyumbani. Nikajenga bwawa refu, nikajaza matangi. Ukame wa kwanza tukaupita tunaimba. Lakini kila ukame unaweza kuwa mrefu kuliko uliopita, na mimi nilishaongeza nyumba, watoto wanazaliwa. Ikabidi niamue maji yaliyobaki ni ya kunywa au ya mashamba. Nikayaacha mashamba yakauke. Karoti zilinyauka mbele ya macho yangu, na biva mmoja bado anabeba gogo kama hakuna kilichotokea.

Mwanzisha uzi: Huyo wa gogo ndiye ningemhamishia kwenye mji wangu.

Mzee wa Kanuni: Turudi Frostpunk. Mimi nilichukua njia ya nidhamu: walinzi, gereza, propaganda. Kundi lililotaka kurudi London walikotoka likazimwa, nikahesabu nimeshinda. Mwisho gemu inakurudishia mji wako wote tangu shimo tupu, unajengeka kwa kasi, na mambo uliyoyaamua yanapita moja moja. Halafu inakuuliza kama yote hayo yalistahili. Nikazima laptopu bila kujibu.

Chipukizi: Wakuu, laptopu ya RAM GB 4 inaifungua hiyo Frostpunk?

Dada wa Supu: Inafunguka kwa kujikongoja. Shusha ubora wa picha mpaka chini, na feni iwe nje ya shuka.