Tupeane uzoefu: Kuchangia programu huria ukiwa Arusha au Moshi na kuelewana na wasimamizi wa miradi

Fundi_wa_Njiro
Wakuu, salaam. Vijana wengi wa Arusha na Moshi kodi (code, maandishi ya programu) wanaijua, ila PR zao (pull request, maombi ya kuingiza mabadiliko) kwenye miradi huria (open source) zinakaa miezi bila jibu, mwisho wanasema wazungu wanabagua. Mara nyingi kodi wala haina shida. Mwenye uzoefu amwage, ila tuweke mambo ya kufanyia kazi, hadithi za maisha tuache.

Kiboriloni_Git
Naanza na ukubwa wa PR. Wasimamizi wengi wa miradi midogo wanaifanya kazi hii usiku baada ya ajira, bila malipo. Akikuta mistari 1,500 iliyochanganya hitilafu, mpangilio wa nafasi na majina mapya ya vigeu, anaiweka kiporo, na kiporo hicho hakipashwi.

Fungua tiketi (issue, ripoti ya tatizo) kwanza. Taja toleo la programu, mfumo wa kompyuta, amri uliyoandika, ulichotarajia na kilichotokea. Ukikubaliwa kwamba ni hitilafu kweli, tengeneza tawi (branch, nakala ya kufanyia kazi pembeni) moja kwa jambo moja. Kama kihariri chako kinapanga kodi chenyewe kila ukihifadhi, zima hicho kipengele. Ndicho kinachokuletea mabadiliko ya mistari 400 kwenye faili uliyogusa mistari 3. Kabla ya kukomiti (kurekodi mabadiliko kwenye Git) pitisha `git diff --stat`, inayohesabu mistari iliyobadilika kwa kila faili, uone kama namba zinalingana na ulichokusudia.

Wa bando: `git clone --depth 1` inashusha kidogo, lakini historia hupati, kwa hiyo `git blame` haitakuonyesha ni nani aliandika mstari huo na kwa nini. `--filter=blob:none` inakupa historia ya komiti zote, na yaliyomo kwenye faili za zamani yanashuka pale unapoyahitaji. Maana yake ukiwa huna mtandao baadhi ya amri zitagoma.

Binti_Pasua
Umemaliza mkuu. Naongezea adabu, maana hapa ndipo tunapoangukia.

Sisi tumelelewa kumwitikia mkubwa "sawa" hata kama hatujaelewa. Mkaguzi wa PR anaandika "tumia njia nyingine", kijana anajibu sawa, halafu anapotea. Kwa mkaguzi hiyo sawa ni ahadi, anabaki anakusubiri. Kama hujaelewa, uliza swali moja mahususi palepale kwenye mstari husika. Kama hukubaliani, bisha hadharani ukiwa na kipimo: sekunde ngapi kabla, ngapi baada, kwa data ipi. Huko kumbishia mkubwa si utovu wa nidhamu.

Na jibu fupi si matusi. Mtu akiandika "hapana, hii inavunja toleo la zamani", hajakasirika, amekuambia cha kurekebisha.

Kwa kernel ya Linux (kiini cha mfumo huo) mambo ni tofauti, viraka (patch, mabadiliko ya kodi) vinakwenda kwa barua pepe. Iwe maandishi matupu, HTML hapana, utume kwa `git send-email`. Tanguliza `scripts/checkpatch.pl` ikague kiraka chako, kisha `scripts/get_maintainer.pl` ikuambie umpelekee nani. Usisahau mstari wa Signed-off-by, unaothibitisha una haki ya kuitoa kodi hiyo. Kimya kikizidi wiki moja ndipo ukumbushe, kabla ya hapo ni usumbufu.

Saa_za_Tengeru
Vikao vya mtandaoni: andikeni saa za UTC (saa za kimataifa) kila mara. Ulaya wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatusogezi. Kikao cha 16:00 za Berlin kwetu ni saa 12 jioni majira yao ya baridi, saa 11 jioni majira ya joto. Watu wanakosa kikao cha kwanza cha Aprili, kisha wanaonekana hawako makini.

Fundi_wa_Njiro
@Binti_Pasua hiyo ya "sawa" imenigusa 😂 Na haki ya kukomiti moja kwa moja inapatikanaje? Wengine wanaiomba wiki ya pili.

Kiboriloni_Git
Haiombwi. Kagua PR za wengine, rudia hitilafu zilizoripotiwa uone kama bado zipo, unganisha tiketi zinazofanana. Hapo unampunguzia mtu mzigo, atakuita mwenyewe.

Kumsakama msimamizi ndiyo mbaya kuliko zote. Mwaka 2022 akaunti kadhaa zilimshinikiza msimamizi wa xz (programu huria ya kubana data), aliyekuwa karibu peke yake, aongeze msimamizi mwenzake. Aliyepewa nafasi, aliyejiita Jia Tan, alipachika mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu) kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1 mwaka 2024. Mtengeneza programu Andres Freund aliunasa kwa sababu kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kulichelewa kama nusu sekunde. Tangu hapo anayeharakia funguo (haki ya kukomiti moja kwa moja) anaangaliwa mara mbili, na ni haki yao.

Binti_Pasua
Na kwa miradi yetu wenyewe: funguo za kutoa toleo wawe nazo watu wawili, na tawi kuu lifungwe ili kila komiti ipite kwa mkaguzi, hata ya mwanzilishi. Mwanzilishi akipata ajira Dar, jina la tovuti limelipiwa kwa simu yake na barua pepe ya kurejesha nenosiri ni yake. Hayo mawili yahamishieni kwenye akaunti ya kikundi mapema, akiwa bado anapokea simu.