Yohane Mbatizaji: nyeupe Juni, nyekundu Agosti?

Mwanakwaya, Bagamoyo:
Tumsifu Yesu Kristo. Juni altare ilivaa nyeupe, sasa tunaambiwa Agosti ni nyekundu. Mtakatifu huyohuyo, imekuwaje? Vijana nao wanaandaa igizo la kifo chake: Herode ni yule aliyeua watoto Bethlehemu? Na binti aliyecheza ndiye Salome?

Katekista wa kigango:
Milele amina. 24 Juni ni kuzaliwa kwake: ni sherehe, rangi nyeupe, sala za Utukufu na Nasadiki zipo, hata ikiangukia Jumapili. Watakatifu wengine kwa kawaida tunawakumbuka siku waliyokufa. Wa kuadhimishwa kuzaliwa katika kalenda ya Kanisa zima ni Yesu, Bikira Maria na yeye. 29 Agosti ni kukatwa kichwa: kumbukumbu, nyekundu ya damu ya shahidi, bila Utukufu wala Nasadiki. Injili ni Marko 6:17-29, msisome ile ya mfululizo wa juma. Angalizo: mwaka 2027 tarehe hiyo ni Jumapili, kwa hiyo kumbukumbu haifanyiki na mtabaki na kijani.

Msomaji wa zamu:
Herode wa Bethlehemu alikwisha kufa. Huyu ni mwanawe, Antipa. Igizo nyingi huharibikia hapo, halafu Herodia, mama wa binti, anawekwa mezani pembeni ya mumewe. Someni Marko vizuri: binti *anatoka* kumuuliza mama, kisha anarudi mbio kudai kichwa kwenye sinia. Mnahitaji sehemu mbili jukwaani, na sinia liwe tayari. Jina la binti Marko halitaji. Salome tunalipata kwa Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, ambaye pia anasema Yohane aliuawa katika ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Kwa Yosefo, Herode aliogopa umati usije ukaasi. Kwa Marko chanzo ni Yohane kumwambia Herode si halali kuishi na mke wa nduguye. Vazi la Yohane ni singa za ngamia na mshipi wa ngozi, kama nabii Eliya katika 2 Wafalme 1:8. Msimvike kanzu safi jamani!

Jirani wa Tanga:
Asalaam aleikum. Kwetu ni Nabii Yahya. Mkianzia kwa Zakaria, baba yake, majirani Waislamu watasubiri anyamaze siku tatu, ndivyo Kurani inavyosema. Katika Injili ya Luka anakuwa bubu hadi mtoto apewe jina. Msimulizi aseme mapema anafuata Luka.

Mwanakwaya, Bagamoyo:
Ahsanteni. Herodia anahamia nje ya ukumbi leo hii.