Viti vya treni kuukuu za chini ya ardhi: rangi mpya, kitambaa kipya au kung'oa kabisa?

FundiBodi_Changamwe
Asalamu aleikum wanajukwaa. Mimi ni fundi wa bodi za matatu, na swali langu linatoka kwa mwanangu anayesomea uhandisi. Amepewa zoezi la kupendekeza namna ya kukarabati mabehewa ya treni za chini ya ardhi yaliyokwisha kutumika miaka 40 na yanayotarajiwa kuhudumu miaka 10 zaidi. Viti ni vya faibaglasi, rangi imechubuka, na baadhi vina mito iliyovikwa kitambaa. Yeye ameelekea kwenye kupaka rangi upya, kwa kuwa ndiyo njia rahisi na behewa halikai gereji muda mrefu. Mimi sina imani nayo. Niliwahi kupaka viti vya faibaglasi vya basi dogo la shule, nikajitahidi kwa kadiri ya ujuzi wangu, na kabla muhula haujaisha ukingo wa mbele wa kila kiti, pale mapaja na vifungo vya mikoba vinapopita, ulikuwa umerudi kuwa mweupe. Rangi ya gari hudumu kwenye bodi kwa sababu hakuna anayeikalia. Naomba wenye ujuzi wanisaidie kulinganisha njia hizi, ili nimjibu kijana kwa hoja.

MpakaRangi_Tudor
Waaleikum salaam, Fundi. Bila kukukosea heshima, nadhani kilichoshindwa pale ni maandalizi. Kiti cha abiria hunywa mafuta ya ngozi na ya nywele kwa miaka, na ukipiga msasa kabla ya kuyaondoa mafuta hayo unayasugua yaingie ndani zaidi. Anza kwa kuosha, kisha msasa, kisha praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, na mwisho rangi ya poliyurethani inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Rangi ya kawaida ya kopo moja haifai hapa. Kuna jaribio ambalo mwanao anaweza kulifanya kwa wembe na selotepu: rangi ikishakauka kabisa, chanja mistari sita hivi kwenda na sita kuikata, ili upate miraba midogo, bandika selotepu juu yake, isugue kwa kucha, kisha ivute kwa mkupuo mmoja. Miraba ikibaki mahali pake, rangi imeshika. Ikitoka na selotepu, usiendelee na kiti cha pili.

Nakiri kasoro moja ambayo vijana wetu huidharau. Hadina hizo zina isosayaneti, ambazo hudhuru mapafu, na leso iliyofungwa puani haizuii chochote. Kazi hiyo hutaka barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira na chumba chenye feni za kuvuta mvuke. Ukihesabu gharama hiyo pamoja na siku za kusubiri rangi ikomae, urahisi aliouona kijana unapungua sana.

Mshonaji_Kongowea
Mimi nitasema juu ya kitambaa, kwa kuwa ndiyo riziki yangu. Treni za njia ya Bakerloo jijini London zilianza kazi mwaka 1972 na zimeendelea kubeba abiria kwa zaidi ya nusu karne, zikivishwa upya moketi, kitambaa kizito chenye nyuzi zilizosimama, ambacho sehemu yake kubwa ni sufu. Sufu haishiki moto upesi, na marembo yake yaliyosongamana huficha madoa kati ya usafi mmoja na mwingine. Lakini mwaka huohuo wa 1972 treni za BART zilifunguliwa katika eneo la San Francisco zikiwa na viti vya sufu na hata zulia sakafuni, na wenyewe baadaye waliondoa vyote viwili, wakaweka vinaili na sakafu ngumu, kwa sababu kusafisha kulikuwa kumewashinda. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kitambaa, kijana aulize ni nani atakayekisafisha, na kila baada ya siku ngapi.

Msidhani vinaili, au reksini tunavyoiita hapa, haina aibu zake. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Nimefungua viti vingi vya matatu ambavyo juu vinang'aa, nikakuta chini ya mshono sponji nyeusi kwa ukungu na yenye harufu ya kitambaa cha deki. Kwa treni, ningependekeza viungo vichomwe kwa joto badala ya kushonwa.

Baharia_Mstaafu
Wanangu, mmezungumza vizuri, ila moto umetajwa kwa sentensi moja tu, nao kwa maoni yangu ndio unaotangulia mengine yote. Mwezi Februari 2003, katika mji wa Daegu, Korea Kusini, mtu mmoja aliwasha moto ndani ya treni ya chini ya ardhi. Ukaenea kwenye viti na vifaa vingine vya ndani, ukarukia treni ya pili iliyoingia kituoni, na watu 192 wakafa. Baada ya hapo nchi hiyo ilibadilisha vifaa vya ndani ya mabehewa kwa vile visivyoshika moto kirahisi. Abiria wa chini ya ardhi hana dirisha la kurukia baharini, na moshi wa sponji humfikia kabla ya ndimi za moto.

Hili linagusa rangi pia. Melini hatukuruhusiwa kupaka rangi yoyote tuliyoipenda kwenye korido za ndani. Ilibidi iwe imethibitishwa kwamba haienezi moto. Tabaka jipya juu ya matabaka manne ya zamani ni kuni zilizopangwa vizuri. Ikiwa ni lazima kupaka, rangi ya zamani ibanduliwe kwanza, na muuzaji atoe cheti kinachoonyesha kuwa mfumo mzima, yaani praima, rangi na kiti chenyewe, umepimwa pamoja. Kwa usalama wa moto kwenye treni, Ulaya hutumia kanuni ya EN 45545, na Marekani wana NFPA 130. Mwanao akiziacha nje ya zoezi lake, mimi kama mwalimu ningemrudishia karatasi.

BiMwalimu_Likoni
Shikamoo Mzee Baharia. Nami naongeza neno kama abiria ambaye macho yake yamepungua nguvu. Viti vikibadilishwa, vyuma vya kushikilia visiachwe na rangi inayofanana na ukuta. Uingereza ina kanuni inayotaka vyuma hivyo vitofautiane waziwazi na vinavyovizunguka, na jambo hilo halihitaji fedha nyingi. Vilevile taa za mirija zikitolewa na kuwekwa za LED, behewa lilelile litaonekana jipya kabla kiti kimoja hakijaguswa.

FundiBodi_Changamwe
Nawashukuru nyote. Mzee Baharia, shikamoo ya Bi Mwalimu ni yako kuitikia. Bwana Mpaka Rangi, nimekubali kwamba niliruka hatua ya kuosha mafuta. Hata hivyo bado siungi mkono kupaka viti vyote, na sababu mpya imenijia nilipofikiria ile miaka 10. Treni kuukuu haziondoki kwa tarehe iliyopangwa. Mabehewa ya aina ya R32 ya treni za chini ya ardhi za New York yaliingia kazini mwaka 1964 na ya mwisho yakatoka mwaka 2022. Basi nimemshauri kijana asitafute njia moja ya behewa zima: faibaglasi iliyopasuka ing'olewe; iliyo nzima ibanduliwe rangi na kupakwa kwa utaratibu wa Tudor, ikiwa cheti cha moto kitapatikana; na mito ifungwe kwa skrubu, kila mmoja peke yake, ili mfanyakazi wa zamu ya usiku aweze kubadilisha mmoja uliochafuka bila kulitoa behewa kazini.

Kiti kimoja cha lile basi dogo bado kiko nyuma ya karakana yangu. Jumamosi tutakigawa nusu mbili kwa utepe, nusu moja tuioshe mafuta kabla ya msasa na nyingine tuiache kama nilivyofanya zamani, kisha wembe na selotepu vifanye kazi yake. Nitawawekea picha hapa.