Ulinganisho: kwa nini pikapu nyingine hushuka bei haraka kuliko Hilux?

Mkulima_Masindi
Salaam kwenu, ndugu zangu. Nataka kununua pikapu iliyotumika kabla ya mavuno ya mahindi, na nimebakiwa na tatu akilini: Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Ford Ranger, zote za dizeli. Dalali mmoja wa Kampala ananiambia kwamba kwa fedha ya Hilux moja naweza kupata Ranger iliyotengenezwa miaka minne baadaye, tena yenye viti vya ngozi. Ninachoogopa ni siku ya kuiuza. Kwa nini bei ya nyingine huporomoka hivyo, ilhali kazi ni ile ile?

Fundi_wa_Jinja
Ndugu, hujatuambia bajeti, wala kama unataka kebini moja au mbili, wala utakaa nayo miaka mingapi. Bila hayo tunakisia tu.

Hata hivyo, kuhusu bei nina la kusema. Anayenunua gari ambalo limekwisha kupita mikono miwili hupiga hesabu ya siku litakapomharibikia Kitgum au Adjumani, mbali huko kaskazini. Hilux ikikwama huko, hakosekani fundi aliyewahi kuifungua injini kama hiyo, na kipuri kitapakiwa kwenye basi la usiku kutoka Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Ranger ya injini ya lita 3.2, yenye silinda tano, ina nguvu kweli, na mimi mwenyewe naipenda barabarani. Lakini mara nyingi huhitaji kwanza mashine ya kusoma hitilafu, na mashine hiyo haipo katika kila gereji. Mnunuzi huiondoa hofu hiyo kwenye bei kabla hata hajawasha injini.

Dada_Mbarara
Mnaisahau D-Max. Yangu ina injini ya 3.0, imebeba matoke kutoka Isingiro kwa miaka sita, na sijawahi kuifungua injini. Pikapu hizo huunganishwa pia Nairobi, kwa hiyo vipuri havisafiri mbali. Tena tazameni Mazda BT-50: ile iliyotoka mwaka 2011 ni ndugu wa Ranger, yenye injini zile zile, na ile ya mwaka 2020 imejengwa juu ya D-Max. Jina la mbele limebaki lile lile, ila chuma kimebadilika kabisa. Anayepanga bei kwa jina peke yake atakosea.

Mzee_wa_Arua
Mwanangu wa Masindi, kabla ya kuuliza aina, uliza gari limetoka nchi gani. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha huko mwaka 2017 tu, na D-Max haiuzwi huko. Kwa hiyo pikapu hizi hutufikia kutoka Thailand, Uingereza na kwingineko, au kupitia minada ya serikali na mashirika.

Mwaka 2019 nilinunua pikapu iliyotoka Uingereza. Aina yake siitaji, kwa kuwa kasoro ilikuwa ya gari lile moja. Chini ilikuwa imepakwa rangi nyeusi iliyokuwa ingali ikinukia, nami nikaichukua kuwa dalili ya matunzo. Miezi saba baadaye, nikiwa na magunia kumi ya simsim, nilikaribia Pakwach nikaona mlango wa nyuma wa kushoto unakataa kufungwa. Gari lilikuwa linainama katikati. Fundi alilala chini yake, akasukuma bisibisi kwenye chasisi, juu kidogo ya springi za nyuma. Ikazama mpaka kwenye mpini, na kutu ikamwagikia kifuani kama makapi ya kahawa. Kule Uingereza barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma kwa miaka bila mtu kuona. Nililinunua kwa shilingi milioni 46, nikaliuza kwa 19.

Kijana_wa_Bondi
Pole sana, mzee. Lakini mimi ninayeuza magari kila siku nawaambia kwamba namba huamua mengi. Pikapu yenye namba ya usajili iliyotolewa karibuni huuzika haraka kuliko yenye namba ya zamani, hata kama ya pili ni nzima zaidi.

Fundi_wa_Jinja
Na hapo ndipo watu wanapopotea. Namba hizo huonyesha lini gari lilisajiliwa Uganda, hazionyeshi lilitengenezwa lini. Tangu mwaka 2018 sheria inakataza kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo gari la miaka 14 linaweza kuingia leo na kupewa namba mpya kabisa. Someni mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari, kisha mlinganishe namba ya chasisi na ile iliyo kwenye gari lenyewe.

Kijana_wa_Bondi
Sikatai, mkubwa. Nasema tu kile ambacho wateja hukitazama kwanza, nacho ndicho kinachopanga bei.

Mkulima_Masindi
Nawashukuru wote, na nisameheni kwa kuacha mambo muhimu. Bajeti yangu ni milioni 55, nataka kebini mbili, nami nitakaa nayo miaka mitatu. Nimepata Hilux ya 2.5 huko Masaka, ya mwaka 2008, iliyokuwa ya mradi fulani, na D-Max ya mwaka 2013 huko Hoima, iliyotoka Uingereza.

Dada_Mbarara
D-Max, bila shaka.

Fundi_wa_Jinja
Kwa Hilux hiyo, yenye injini ya dizeli iitwayo D-4D, pima kwanza nozeli zote nne zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini, kwa maana mafuta machafu huziua na bei yake itakuumiza. Magari ya miradi hutunzwa kwa ratiba, lakini hupita njia mbaya kila siku. Chungulia pia springi.

Mzee_wa_Arua
Nayo ya Hoima, chukua bisibisi.

Mkulima_Masindi
Jumamosi nakwenda Hoima kwanza, kwa kuwa ni karibu. Je, yupo fundi wa huko anayeweza kulala chini ya gari pamoja nami? Nitamlipa siku yake.