Presha ilikuwa nzuri, kumbe anavuja damu ndani

Nesi_Kasarani:
Wenzangu, habari za usiku. Nina miezi minne kwenye kitengo cha dharura hapa Nairobi, na kuna mgonjwa wa Jumamosi ambaye hanitoki akilini.

Kijana wa miaka 24, mwendesha bodaboda, aligongwa na matatu karibu na Githurai mvua ikinyesha. Wenzake walimleta ndani ya Probox. Anaongea, jina lake analijua, damu ni kidogo tu kwenye goti. Nikapima: presha 118/92, mapigo 122, pumzi 26 kwa dakika. Nikaandika hali yake ni thabiti, nikakimbilia mtoto aliyeungua na maji moto.

Kijana akawa anaomba maji, anatupa blanketi, anavua barakoa ya oksijeni. Nikamnusa, hakuna harufu ya pombe, na bado nikamhesabu mlevi. Dakika 25 baadaye kaka yake akaniita: "Sista, huyu amenyamaza." Presha, ile nambari ya juu, ilikuwa 76. Skani ikaonyesha tumbo limejaa damu, bandama imepasuka. Alipasuliwa usiku huohuo, yuko hai. Lakini ningeona nini mapema?

Dereva_Ambulensi:
Pole dada. Sisi barabarani tunaanza na kile kinachomwaga damu mbele ya macho, ndipo njia ya hewa, pumzi na mzunguko wa damu. Akigongwa na gari hivyo, nyonga tunaihesabu imevunjika mpaka picha ikatae. Shuka au leso iliyokunjwa pana inatosha, ila ifungwe usawa wa vile vifundo vya juu ya paja, pale kifundo cha mkono kinapofika mtu akisimama. Wengi huifunga kiunoni, na kiunoni haibani kitu. Na usimtikise nyonga kujaribu kama inacheza, utaondoa damu iliyoanza kuganda.

Mama_wa_Zamu:
Mwanangu, presha haikukudanganya, uliisoma nusu. Toa 92 kwenye 118, inabaki 26. Kwa kawaida hubaki kama 40. Mwili ukipungukiwa damu hubana mishipa, nambari ya chini inapanda, ya juu bado inajikaza. Sasa gawanya mapigo kwa presha ya juu: 122 kwa 118, imepita 1. Mtu mzima mwenye afya, aliyetulia, yuko kati ya 0.5 na 0.7. Hesabu hiyo naifanya nikiwa bado nimeshika mkono wa mgonjwa.

Mtu wa kilo 70 ana kama lita 5 za damu. Kijana anaweza kupoteza karibu lita 1.5 na presha ya juu bado ikaonekana ya kawaida. Ikianguka, ameshachelewa. Ndiyo maana mimi naanza miguuni. Natia kiganja kwenye unyayo, halafu napanda: unyayo baridi, muundi baridi, goti lina joto. Kadiri baridi inavyopanda ndivyo ninavyoharakisha. Kisha nabana ncha ya kidole, naachia, nahesabu. Wekundu usiporudi ndani ya sekunde 2, naita daktari, sisubiri mashine ipige kelele.

Kule kutupa blanketi na kuomba maji ndiko kulikokuwa kunasema. Ubongo unakosa oksijeni, mtu anahangaika. Aliyeumia akianza fujo, hesabu damu kwanza, pombe baadaye.

Matibabu unayajua: kanula mbili nene, yaani mirija ya mshipani, za kijivu au za machungwa, damu ya kupima kundi ichukuliwe hapohapo. Usimjaze salaini, yale maji ya chumvi ya mshipani. Haibebi oksijeni, inazimua vigandishaji, na ikiwa baridi ni mbaya zaidi, maana damu iliyopoa haigandi. Lita moja ya vuguvugu, kisha omba damu. Nguo zilizolowa mvua zikatwe zote, afunikwe. Traneksamiki asidi, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu aumie. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, wenye wagonjwa zaidi ya 20,000, ulionyesha inaokoa maisha, lakini ikitolewa baada ya saa 3 inaweza kudhuru. Uliza ajali ilitokea saa ngapi, uandike.

Kabla ya upasuaji daktari anaweza kukubali presha ya juu ikae 80 hadi 90. Kwa aliyeumia kichwa usikubali hilo, kijana kama huyo asishuke chini ya 110. Na mzee anayemeza dawa za kupunguza mapigo anaweza kuwa na 80 kwa dakika huku anaisha damu.

Nesi_Kasarani:
Asante sana Mama. Ile tofauti ya 26 kwenye presha nilikuwa nayo mkononi. Mtoto aliyeungua naye alinihitaji, tulikuwa wawili tu zamu nzima. Je, yale maji aliyoomba ningempa?

Mama_wa_Zamu:
Hapana, alikuwa anaelekea chumba cha upasuaji, angetapika, matapishi yakaingia mapafuni. Lowesha pamba, mpake midomoni. Na mkiwa wawili, ndugu aliyemleta mwoneshe kifundo cha mkono wa mgonjwa, mwambie: "Shika hapa, mpigo ukipotea niite." Wewe rudi kupima kila dakika 5, uandike saa kando ya kila nambari.