Mnasema Hatusomi Riwaya, Mmeziweka Wapi Tuzione?

Wakuu, salaam.

Upo msemo ambao kila anayeshika kipaza sauti katika hafla za vitabu lazima aurudie, kwamba ukitaka kumficha Mtanzania jambo liweke kwenye maandishi, na ukumbi mzima hucheka na kupiga makofi. Nimechoka nao. Umekuwa kichaka cha kujifichia kila mtu ambaye kazi yake ni kutufikishia vitabu na haifanyi. Mimi ni msomaji wa riwaya, hasa za kihistoria, na fedha ya kununulia kitabu siikosi. Malalamiko yangu ni kwamba riwaya mpya za waandishi wanaojichapishia wenyewe zipo, baadhi yake ni nzuri kweli kweli, ila hakuna njia ya wazi inayomwezesha msomaji wa kawaida kujua kwamba zimetoka, zinahusu nini na zinauzwa wapi. Na badala ya kuona haya kwa hilo, wahusika wanatusimanga kwamba hatusomi.

Nianze na maduka. Lipo duka moja kubwa hapa Dar es Salaam, jina lake nalihifadhi, lenye rafu iliyoandikwa FASIHI kwa herufi kubwa. Rafu ya juu ilijaa tamthiliya mbili za sekondari zilizopangwa kwa mafungu, jalada lile lile likijirudia kutoka mwanzo hadi mwisho. Iliyofuata ilikuwa na diwani moja, nayo kwa mafungu. Chini kulikuwa na miongozo ya kujibia mitihani ya vitabu hivyo hivyo, na kwa macho yangu miongozo ilikuwa mingi kuliko vitabu vinavyoongozwa. Nilimwuliza kijana wa mauzo kama wana riwaya yoyote ya Kiswahili iliyotoka mwaka huu au uliopita. Akaniuliza, "Ipo kwenye silabasi?" Nikamjibu haipo. "Basi hiyo hatuna, mzee." Hakutaka kujua jina la kitabu wala la mwandishi. Na nyuma yake palikuwa na meza nzima ya vitabu vya Kimarekani vya namna ya kutajirika, vingine vimetafsiriwa kwa Kiswahili cha kubahatisha, ambavyo navyo, kwa kadiri nijuavyo, havimo kwenye silabasi ya nchi yoyote.

Najua sababu za kibiashara, sihitaji kuelezwa. Biashara ya vitabu katika nchi zetu imejengwa juu ya shule, na kitabu kisichoteuliwa shuleni huonekana ni mzigo ghalani. Mchapishaji akipelekewa muswada wa kurasa mia nne kuhusu Pangani ya 1888 na Bushiri bin Salim aliyepigana na Wajerumani, swali lake la kwanza huwa ni kama utaingia darasani, na la pili ni kama unaweza kupunguzwa hadi kurasa mia moja na ishirini ili uingie darasani. Mwandishi mwenye msimamo hukataa, akachukua sehemu ya kiinua mgongo chake, akaenda kwa mchapaji wa mtaani, akalipia nakala mia chache ambazo mchapaji alizitoa vizuri kadiri ya mashine yake, kisha akazirundika sebuleni. Hapo ndipo safari ya kitabu inapoishia, kwa sababu kuanzia hapo hakuna mtu mwingine hata mmoja katika mnyororo mzima anayejiona ana wajibu kwa kitabu hicho.

Tafadhali asije mtu hapa kuniambia kwamba kujichapishia ni dalili ya kazi duni. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za kijasusi, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, na riwaya zake zimesomwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga duka la vitabu. Enzi hizo kitabu ulikikuta kwa muuza magazeti na kwenye vituo vya mabasi. Tofauti kati ya wakati ule na huu haiko kwa msomaji. Meza ya muuza magazeti ilikuwa duka la riwaya bila kujiita duka, na meza hiyo sasa haipo, au ipo ikiuza chaja na vocha.

Niwape mfano mmoja wa namna tunavyovipata vitabu hivi. Riwaya bora ya kihistoria niliyosoma katika siku za karibuni niliiona kwenye status ya WhatsApp ya mtu aliyesoma na mwandishi, ikiwa imebanwa kati ya tangazo la kiwanja cha Kigamboni na picha za sendofu. Picha ilikuwa na ukungu, bei haikuandikwa, na baada ya saa ishirini na nne ingepotea. Nilipiga simu, nikatuma fedha kwa mtandao, na kitabu kikaja kutoka Songea kama kifurushi cha basi, kimefungwa kwa gazeti na gundi ya karatasi. Kinahusu Majimaji, lakini hakina lile simulizi la darasani la Kinjikitile na maji yake. Kinaanza asubuhi ya tarehe 27 Februari 1906, siku Wajerumani waliyowanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, na mambo yote tunayaona kwa macho ya mpishi wa kambi ambaye anatakiwa kuandaa chai ya maofisa huku akisikia majina ya watu anaowafahamu yakisomwa nje. Baadaye kinaingia kwenye njaa, ile njaa iliyoletwa kwa makusudi kwa kuchoma maghala na mashamba, na kuna kurasa kama thelathini zinazomfuata mwanamke mmoja aliyeshonea mbegu za ulezi katika pindo la kaniki ili askari wasizione, akakataa kuzipika hata mtoto wake alipokuwa analia, kwa sababu alijua kwamba mvua zitakuja na hakutakuwa na cha kupanda. Makosa ya uchapaji yamo, na kurasa mbili zilirudiwa. Sijali. Mniulize jina lake? Nisingesita kulitaja, ila mwandishi ameniambia nakala zimekwisha na hana fedha ya kuchapa tena, kwa hiyo nitakuwa nawatangazia bidhaa ambayo haipo. Riwaya ya namna hiyo imekufa na haijawahi kusemwa neno lolote gazetini.

Na magazeti nayo nina neno nayo. Kitabu kikizinduliwa mtasoma mgeni rasmi alikuwa nani, alivaa nini, alinunua nakala ya kwanza kwa shilingi ngapi na aliwaasa vijana wafanye nini. Hamtasoma kitabu kinahusu nini. Mwandishi wa habari hakukifungua. Wahariri hao hao wana kurasa nne za usajili wa wachezaji, lakini nusu safu kwa wiki ya kumwambia msomaji kwamba riwaya fulani imetoka, inapita katika kipindi fulani, lugha yake ni ya namna fulani na ina udhaifu fulani, hiyo haipatikani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumtuma mpiga picha mkoani.

Tuzo zetu nazishukuru, na sitaki nieleweke vibaya. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell na sasa ni Safal-Cornell ilitoa washindi wake wa kwanza 2015, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na zote zimewalipa waandishi fedha ya heshima katika mazingira ambayo kwa kawaida mwandishi hulipwa shukrani. Lakini Tuzo ya Mwalimu Nyerere hushindanisha miswada, kwa hiyo aliyekwisha kujichapishia hana lango hapo. Na hata kwa washindi wenyewe, picha ya mtu akikabidhiwa zawadi husambaa nchi nzima siku hiyo hiyo, ilhali picha ya jalada la kitabu chake kitakapotoka haimfikii mtu. Naomba wanaohusika wajiulize ni wasomaji wangapi wanaoweza kutaja jina la mshindi na wakati huo huo wakataja duka walikonunua kazi yake. Hata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwa tayari na riwaya kumi mkononi, ilibidi kwanza Stockholm iseme neno kwa kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 ndipo riwaya yake ya 1994 ije kwetu kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, kwa jina la Peponi, mwaka uliofuata.

Wasomi wa vyuo vikuu sitawaacha, ingawa baadhi yao ni walimu wangu na nawaheshimu. Tasnifu baada ya tasnifu inamchambua Kezilahabi, kisha Kezilahabi tena kwa nadharia nyingine, kisha Shafi Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed. Hao ni magwiji na wanastahili. Lakini mhakiki anayengoja mwandishi awe gwiji ndipo amsome anafanya kazi ya mtunza makumbusho. Tumekwisha kulipia uzembe wa namna hiyo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kuichapa, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaja kuitoa 1980. Mzee alifariki 1981, wakati kitabu ndiyo kwanza kinatoka. Kisa hiki tunakisimulia katika makongamano kwa masikitiko makubwa, halafu tunatoka nje na kumpita mwandishi wa leo aliyesimama mlangoni na mfuko wa vitabu vyake.

Kuna watakaosema siku hizi kila kitu kipo mtandaoni. Hebu tafuteni sasa hivi maneno "riwaya ya kihistoria ya Kiswahili" muone mtakacholetewa: maana ya riwaya, aina za riwaya, sifa za riwaya, na maswali ya kidato cha tano na majibu yake. Ukihamia kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp utakutana na hadithi za mapenzi na za majasusi, sehemu ya kumi na nne, itaendelea, tuma elfu moja upate inayofuata. Siwadharau wanaoziandika, wanakula jasho lao na wanawajua wasomaji wao. Ila riwaya inayohitaji ukumbuke katika ukurasa wa mia tatu kile kilichosemwa katika ukurasa wa kumi haiwezi kuuzwa kwa vipande hivyo, na ikiwekwa nzima basi kesho yake PDF yake inazunguka bure, tena ikisambazwa na watu wanaojiita wapenzi wa fasihi. Ninyi pia nawalaumu.

Kwa ndugu zetu wa Kenya hali si afadhali. Vitabu kule vinatozwa VAT ya asilimia 16 tangu 2013, na utegemezi wa vitabu teule ni ule ule. Basi za Mombasa na Tanga zinapishana kila siku zikiwa na kila aina ya bidhaa, lakini riwaya ya mwandishi wa Mombasa kuipata Tanga mpaka uwe na mjomba huko.

Nimalizie na waandishi wenyewe, maana hasira yangu kwenu ni ya mtu anayewatakia mema. Jalada la nyuma la kitabu chenu lina picha yenu mkiwa na suti, orodha ya shahada na shukrani kwa mheshimiwa aliyewachangia. Msomaji aliyekishika dukani, kama amebahatika kukishika, hapati hata sentensi moja ya kumwambia hadithi inatokea wapi na wakati gani. Wengine hamna hata ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, wakati Bodi ya Huduma za Maktaba inazitoa, na bila namba hiyo maktaba na duka wanapata kisingizio cha bure cha kuwakataa. Bei mnaificha kama siri ya jeshi.

Maduka nayataka jambo moja lisilohitaji fedha: rafu moja, hata fupi, ya riwaya mpya zisizo za shule, zikae kwa mali kauli ili mwandishi alipwe zikiuzwa na achukue mzigo wake zisipouzwa. Maktaba za mikoa zinunue nakala mbili tatu za kila riwaya inayosajiliwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto, tangu 1991, ulionyesha kwamba mchapishaji akihakikishiwa mnunuzi wa sehemu ya nakala, vitabu vinatoka.

Waandishi mliomo humu, wekeni hapa chini jina la kitabu, kipindi na mahali hadithi inapotokea, bei, mji kinakopatikana, na ukurasa wa kwanza tuusome wenyewe tuamue. Wasomaji nanyi wekeni mlivyovisoma, pamoja na vilivyowachosha na sababu zake. Atakayetaka kujibu "njoo inboksi" namwomba asijibu kabisa.